Pini ya Pedali za Breki

Wewe, uko? Usicheke. Leo nusura nimuue mjomba.

Si unaijua trekta yake, ina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, kila moja na gurudumu lake la nyuma. Shambani unaziachanisha ili ukate kona. Ukishuka kilima unaziunganisha kwa pini. LAZIMA. Kila siku mjomba anainama kuikagua, na mimi kila siku namtania, "Mjomba, mbona unaipigia magoti pedali?"

Leo nimeshuka bila kuikagua.

Yeye yuko chini anafungua geti. Nakanyaga breki, linashika gurudumu moja tu! Trekta ikageuka ubavu, ikainuka upande mmoja. Mjomba akajirusha mtaroni. Mtaroni! Mzee wa miaka sitini na mbili!

Ilizuiwa na kichuguu, ikatua tena kwa magurudumu yote. Bahati tu.

Akatoka na tope hadi masikioni. Nikangoja matusi. Akaniuliza, "Umeumia, mwanangu?"

Umeumia! Ananiuliza MIMI!

Halafu akapiga magoti, akaichomeka pini, akaniambia, "Haya, shusha."

Wenzetu wa shambani, waliokuja mbio, wote wakanitazama, wanangoja mzaha wangu. Nimeshusha mdogo mdogo, machozi yananitoka. Bora angenizaba kofi.