Mtaro Mmoja Kabla ya Mvua

Choo cha mama yako kimekwisha, Mutheu! Kina mlango wa mabati na komeo, na kutoka hapa mpaka Tawa hakuna kingine kama hicho. Huyo ni binti yangu, mimi ndiye niliyemzaa.

Sasa nikusalimu. Hujambo huko Nakuru? Sisi tu wazima, na mbaazi zimezaa.

Umeniuliza uanze na lipi kati ya yale mambo saba ya mwaka mpya, maana ya mwaka huu hukumaliza hata moja na unaona aibu. Mwaka nilioolewa nilisimama kanisani siku ya mwaka mpya, nikaahidi mitaro minne ya kuzuia udongo, jiko, ghala na kujua kusoma. Watu walipiga makofi sana. Mama mkwe akauliza kwa sauti, "Mke wa mwanangu, una mikono mingapi?"

Nilianza yote. Mvua ya Machi ilikuta jiko halina paa na mitaro yote nusu, ikapita na udongo wetu. Mama mkwe hakunicheka. Alikuja na jembe akasema, "Tumalize huu mmoja." Tuliumaliza, na mahindi ya hapo ndiyo tuliyovuna.

Mwaka uliofuata niliahidi kusoma tu, nikaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini barua yako nimeisoma mwenyewe, tena bila miwani.

Chagua moja, uniandikie ni lipi. Mama yako amechagua mtaro mmoja, na wanawake wa mwethya, kundi letu la kusaidiana kazi, watakuja na majembe kumsaidia kuuchimba shambani. Wewe na wa nyumbani kwako mnangojewa siku hiyo, Jumamosi ya kwanza ya Januari.