Kaburi la Babu

Jumatatu, Mabatini

Eti kura yangu inategemea kaburi.

Katiba ya chama chetu cha wafanyabiashara inasema mpiga kura awe "mwenyeji wa Mabatini". Miaka yote mwenyeji alikuwa mwenye duka hapa. Leo, uchaguzi umekaribia, katibu kasimama mkutanoni na tafsiri yake mpya: mwenyeji ni yule ambaye babu yake amezikwa huku.

Nikamwuliza, "Hilo limeandikwa wapi?"

"Halihitaji kuandikwa. Ndiyo roho ya katiba."

Sisi Wahindu hatuziki. Babu tulimchoma, majivu tukayamwaga ziwani. Katibu anajua. Anajua pia kwamba nagombea nafasi yake.

Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono. Mzee Shija, jirani yetu wa duka, akanyoosha wake. Yeye ndiye aliyetupigia kasia siku ya kumwaga yale majivu, akilia kuliko baba yangu.

Mlangoni akaniambia, "Mwanangu, usichukie. Ni sheria tu."

Nikampita bila kumjibu. Sijawahi kumvunjia heshima mzee yule. Kesho asubuhi tutafungua maduka yetu yanayopakana, na hiyo shikamoo sijui kama itatoka.