Waliopitisha Barua Zao Kwetu

Kaka Simiyu,

Habari za Webuye? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, na hapa Makadara hakuna anayegusa kompyuta bila kuniita. Cheka tu. Wewe na ualimu wako, kipanya ungekishika kama jembe.

Lakini nusura nifukuzwe. Dukani tunapiga chapa karatasi za watu wa kortini, na wateja wanatuma imeili. Kompyuta zote huingia kwenye intaneti kupitia moja inayoitwa proksi. Juzi kampuni ya laini ya intaneti ikampigia mdosi wetu, mwenye duka, Mugo: "Kwenu kunatoka imeili za matangazo ya dawa za unene, chungu nzima. Komesheni ama tukate."

Mugo, unamjua, mlisoma naye, akanikodolea macho. "Ni wewe ama Auma anayeiba laini yangu. Ndugu yako atajua kwamba aliniletea mwizi."

Mimi nilijua ni Auma, mpiga chapa mwenzangu. Mtu mwema hageuzi skrini ukipita! Naye alijua ni mimi.

"Zima yako tuone," nikamwambia.

"Anza na yako, profesa wa kujaza fomu tu!"

Kwa hasira tukazima zote, hata za wateja, wakitutukana. Tukabakisha proksi peke yake. Manze, taa za modemu, kile kisanduku cha laini, zikaendelea kupepesa! Barua zinatoka, na hakuna mtu kwa kiti.

Fundi wa laini akaja. Kumbe proksi ilikuwa inamtumikia yeyote, hata wa ng'ambo, ikimbebea imeili zake zionekane ni zetu. Aliyeiacha wazi ni Mugo mwenyewe, apate intaneti ya duka akiwa kwake Tassia. Sasa inasikiliza kompyuta za humu ndani tu, na imeili haipiti hapo kabisa. Zetu zina njia yake.

Unadhani Mugo aliomba radhi? "Bado nawaangalia," akasema. Mimi pia namwangalia. Auma naye skrini bado anaigeuza.

Nilipomuuliza Mugo kama atalisafisha jina langu kwako, akakohoa. Alikuwa ameshakuandikia siku ile ile ya simu kwamba mimi ni mwizi, na barua ilikuwa imeshaenda posta. Kaka, yake ikitangulia hii, usimsomee Mama. Kama umeshamsomea, msomee na hii, kwa ile sauti yako ya kanisani.

Msalimie shemeji, mpishi wetu hodari, na Kukhu, nyanya yetu aliyenilea.

Ni mimi mdogo wako, asiyeiba,
Wafula