Mbili Zangu, Mbili za Mama

Shoga, usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Unakumbuka nilivyogawa mizani yangu, nikasema nitajipima kwa lile gauni la bluu? Kila mwisho wa mwezi, polepole, bila kujinyima. Likawa linapwaya kidogo kidogo nami nakurushia picha.

Leo nimelipeleka kwa fundi alibane. Kaligeuza ndani nje, kacheka weee. "Mama yako ananiambia nilipanue, wewe unaniambia nibane. Nyumba moja, amri mbili!"

Nikamuuliza, mama yangu?

"Mama yako. Kaja nalo mara mbili, wewe ukiwa kazini."

MAMA YANGU. Mara mbili.

Nikasimama pale kama gogo. Fundi kuniona hivyo, akachukua futi yake akanizungushia kiunoni. Akasema kupungua nimepungua, inchi mbili, ila gauni ndilo linalosema nne.

"Mbili zako, mbili za mama."

Sijalia, shoga. Hata hasira sina. Nimekufa ganzi tu.

Nimefika nyumbani, mama yuko jikoni anapakua. Hakugeuka. "Fundi kasemaje?"

Nilikuwa na maneno, yote nimeyapanga njiani. Nikaiona sahani yangu. Mboga tele, wali kiganja kimoja, kama ninavyokula siku hizi. Kaipakua hivyo mwenyewe, sijawahi kumwomba.

Nikamwambia, "Kasema nimepungua."

"Nilijua tu," akasema.

Bado hakugeuka.