Chumba cha Mbele kwa Fundi Majeneza

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwa jina la Mola. Je, kifua kimepoa? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu.

Tangu ukumbi wa wazee ufungwe, mama na wenzake walihangaika kutafuta pa kukutania. Sasa fundi majeneza amewapa chumba chake cha mbele, bure. Bure, kaka! Nikamwambia mama, "Huyo anawavizia." Akacheka: "Anivizie nini, na mimi ni mteja wake wa lazima?"

Sikutulia. Jana nikajifanya napita tu. Wazee wanacheza karata, na fundi kamwinamia mama, kanyoosha futi mgongoni mwake. Nikapayuka, Mungu anisamehe: "Unampima mama yangu angali hai?"

"Nampimia kiti, dada," akasema. "Cha kuegemea. Mgongo unamuuma tangu mvua zianze. Kwani hujui?"

Sikujua. Naishi naye, nampikia, namwombea, wala hajaniambia. Njiani nilipomuuliza alisema tu, "Una shughuli nyingi, mwanangu."

Yule fundi bado simwamini. Lakini wewe, kaka, mama alikwambia? Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako