Nyota Tano za Ukoo Mzima

Temeke,
Jumanne asubuhi.

Kaka Desderi,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu kwanza kabla hujaendelea, halafu urudi ukae, maana sitaki usome barua hii ukiwa umesimama. Baridi ya Njombe imepungua? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na Wifi Tulizo ameshapona kile kikohozi chake? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku ni lile lile, cherehani zinafanya kazi, na mengine utayasoma hapa chini.

Najua utashangaa kuona karatasi zama hizi za simu. Nimeiweka katikati ya vitambaa ninavyomtumia Mama na kuukabidhi mfuko kwa watu wa basi, ili ikufikie wewe na si mtu mwingine. Nilipokupigia wiki iliyopita uliweka simu sauti ya juu. Nilisikia watu wanacheka, nikamsikia Mjomba Fabiani akiuliza kama nimeshaolewa. Grupu la ukoo nilijitoa mwenyewe, na nimepata habari kwamba ulitangaza Vero ameanza kiburi cha mjini. Sawa. Soma basi maneno ya mwenye kiburi, uyasome peke yako, kisha uahirishe kile kikao cha Jumapili. Wifi ameniambia kwamba baada ya misa mnakusanyika tena kwa ajili ya kumwekea Vero nyota upya. Nakuomba msiweke. Nikishaeleza utaelewa, na hata usipoelewa, msiweke.

Nashona sare za shule, hilo unalijua. Ambalo hulijui ni kwamba mwaka wangu mzima umo kwenye wiki chache, kuanzia shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka mpaka zinapofunguliwa Januari. Wiki hizo zikipita bila wateja, miezi mingine yote ninabaki kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Fremu yangu ya duka haipo barabarani. Ipo mtaa wa pili, nyuma ya mashine ya kusaga, na mtu asiyeelekezwa hawezi kuiona. Zamani wazazi walielekezana wao kwa wao. Siku hizi mzazi hamuulizi jirani, anaiuliza simu, na simu ikishamtajia mafundi watatu wa kwanza, anakwenda kwa mmoja wao na habari imeishia hapo.

Kwa hiyo nilifungua tovuti. Niliiandika mwenyewe kwa kujivunia ile alama yangu ya insha ya kidato cha nne: "Karibu katika ulimwengu wa mavazi rasmi ya wanafunzi." Picha niliweka nyingi. Hakuja mtu. Nikawa najitafuta kwenye simu yangu mwenyewe, napandisha ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, naona mitumba, naona migahawa, naona hata shule za udereva, mimi simo. Inauma kujitafuta na kujikosa, kaka, hasa ukiwa umekaa mbele ya mlango wako mwenyewe.

Aliyenifungua macho ni Rahma. Huyu ni binti wa mzee ninayenunua kwake vitambaa, wale Waarabu wa hapa Temeke ambao duka lao lilianza na babu yao. Yeye hukaa kwenye kaunta na kompyuta yake, na nilipomwonyesha tovuti yangu alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio.

"Dada Vero, hii umemwandikia mkaguzi wa elimu?" aliniuliza. "Mzazi yuko kazini, ana dakika mbili, anaandika sare za shule Temeke. Basi. Hilo neno mie silioni humu hata mara moja."

"Lakini picha si zinaonyesha?"

"Picha unaziona wewe. Mtandao unasoma maneno."

Tulikaa naye mchana kutwa siku tatu, tukafuta ulimwengu wote wa mavazi rasmi. Kila nguo tukaiita vile wazazi wanavyoiita: sketi ya bluu ya marinda, kaptula ya kaki, sweta la kijani lenye mstari mweupe. Chini ya kila picha tukaweka maneno. Tukaandika saa za kufungua, na njia tukaieleza kama mtu anavyomwelekeza mwenzake, nyuma ya mashine ya kusaga, mkabala na kinyozi. Halafu akanifundisha habari ya maoni, zile nyota na maneno ambayo wateja huacha kwenye ramani ya mtandao. "Usiombe kila mtu," alisema. "Muombe aliyeridhika, siku ileile anayochukua nguo, na umwache aandike lugha yake. Wenye mtandao wanawajua watu wa kupangwa."

Nilimsikiliza. Kila mtoto alipokwisha kujigeuza mbele ya kioo changu, nilimwomba mzazi wake. Wengi waliahidi na kusahau, na sikuwafuata. Kwa mwaka mzima nilipata maoni kumi na moja, na yote nayajua kwa moyo. Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe ana bega moja lililoshuka na fundi aliliona bila kuambiwa. Baba mwingine alilalamika kwamba nilimchelewesha siku mbili, na ilikuwa kweli, nikamjibu na kumwomba radhi palepale mbele za watu. Rahma alisema hata lile la lawama linasaidia. Polepole tukaanza kupanda, mpaka siku moja nikajiona kwenye ukurasa wa kwanza, wa tatu kutoka juu. Juma lile alikuja mama na watoto wawili kutoka Kinondoni. Nikamuuliza kwa nini amezipita cherehani zote za njiani. "Mie nimekuona kwenye simu," akasema, "nikasoma ile ya bega. Wangu naye yuko hivyohivyo."

Kosa langu ni moja na nalikiri: nilifurahi, nikawaambia. Nilituma picha kwenye grupu na kuandika kwamba nikipata maoni zaidi nitapanda juu kabisa. Nilikuwa nazungumza habari za wateja. Wewe, mwalimu mkuu, mtu wa vikao, ukaona hapa pana jambo la ukoo kama harusi au msiba. Ukaunda kamati. Ukamteua katibu. Ukatoa agizo kwamba ikifika Jumapili jioni kila mwanaukoo awe ameweka nyota tano, na ambaye hajaweka aeleze sababu kwa maandishi. Ukapitisha majina moja moja ukiweka alama ya vema, kama mahudhurio ya darasa. Jioni hiyo nilikuwa kanisani, simu nimezima. Nilipowasha, kazi ilikuwa imekwisha, mnapongezana.

Mliweka maoni hamsini na mawili kwa jioni moja, yote kutoka huko milimani. Mama Mdogo Skola aliandika, "Mwanangu Vero Mungu akutunze, ile khanga usisahau." Mwanao Kristina, yuko darasa la tatu, aliandika kwa simu yako, "Shangazi hongera." Mjomba Fabiani ulimwambia aangalie wenzake wanavyoandika, naye akanakili sijui maoni ya hoteli gani, "Chakula kitamu na mazingira tulivu." Mweka hazina wa kwaya, mtu nisiyemjua hata kwa sura, alisema suti yake imemkaa vizuri. Kaka, mimi sishoni suti.

Siku ya kwanza nilicheka, nakwambia ukweli, nikaona ndiyo ndugu zangu hao. Rahma hakucheka. Alishika kichwa akaniuliza, "Dada, umefanya nini?" Siku ya tatu duka langu halikuwepo kwenye ramani. Hamsini na mawili yenu yalifutwa, na yale yangu kumi na moja yakafutwa pamoja nayo, na bega la yule mtoto likaenda. Ukiandika sare za shule Temeke walikuja wengine wote. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba.

Sikukwambia yaliyofuata. Nakwambia sasa. Kuna mama anaendesha shule ya chekechea Vingunguti. Alikuwa amekuja kwangu, akashika lile sweta la kijani, akaligeuza ndani nje, akauliza nani amelifuma. Nikamwambia kwa kujidai kwamba ni mama yangu na wifi yangu, kwa mashine yao, nyumbani Njombe. Akapenda. Akasema shule nzima itavaa hilo, ila kwanza awaonyeshe wenzake anaoendesha nao shule, kwenye mkutano wao. Alinipigia akitoka mkutanoni.

"Dada, mbona haupo?" alisema. "Nimeandika jina lako mbele yao, hamna kitu. Wananiuliza kama nimekuokota njiani. Mie nimeaibika."

Nilimweleza. Jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana tapeli, maana niliishia kumwambia kwamba ndugu zangu walijifanya wateja. Kazi wakampa fundi mwingine. Kwa hiyo wewe unayemwona Wifi Tulizo amekaa tangu Krismasi na nyuzi za kijani zimejaa chumbani, ukamwambia Vero ametutupa, sasa unajua kilichomkalisha. Hilo nalo ulipeleke kwenye kikao.

Nikawaandikia wenye mtandao kuomba wanirudishe. Wakataka picha ya leseni, picha ya mlango, picha ya kibao, nikatuma. Wakasema ombi limepokelewa. Nikatuma tena, wakasema limepokelewa. Wiki zangu zikapita hivyo, mimi nimekaa mlangoni na futi ya kupimia shingoni, nikiwatazama watoto wa watu wakirudi na sare zilizoshonwa kwingine. Nimerudishwa Ijumaa iliyopita, shule zimeshafunguliwa. Nimerudi bila nyota hata moja na bila neno la mtu. Nipo ukurasa wa nne, na barua yao inasema mchezo ule ukionekana tena wananifunga moja kwa moja. Ndiyo maana nasema Jumapili msiweke.

Sasa jibu la swali lako. Uliniuliza kwenye simu, mbele ya watu wako, "Kosa letu nini, si tumekusifia?" Wakati huo nilikuwa nayakumbuka maneno yako wewe. Yalikuwa ya kwanza kabisa katika yale hamsini na mawili, yamenyooka kama barua ya ofisini: "Nimefika dukani hapa mara nyingi. Huduma ni ya uhakika na mhudumu ni mcheshi."

Mara nyingi, kaka?

Nina mwaka wa tisa hapa. Nilipofanyiwa upasuaji niliomba aje mtu mmoja tu akae nami, ukasema ni kipindi cha mitihani. Aliyelala nami hospitalini kunitunza ni mke wa kinyozi. Nilipofungua fremu niliomba mje muiombee, mkatuma sala kwenye grupu. Mwaka juzi ulikuja mwenyewe Dar, mkutano wa walimu wakuu, ukalala Kinondoni siku nne. Nilipika siku ya kwanza, nikapika ya pili. Siku ya nne ulituma ujumbe, "Ratiba imebana, tutaonana Mungu akipenda." Yule mama mgeni alitoka Kinondoni hiyohiyo na watoto wawili mkononi, ananitafuta kwa sababu ya bega.

Nina hasira, na sitaificha chini ya salamu. Hasira yangu siyo ya nyota. Mmekuwa hodari wa kuandika mmefika. Ukoo mzima mliandika mmefika, na wenye mtandao, watu wasionijua, waliangalia tu wakaona hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukanyaga hapa. Mimi ilinichukua miaka tisa kulisema hilo, na nimelisema kwa karatasi kwa sababu kwa mdomo ningelia.

Msalimie Wifi Tulizo, mwambie zile nyuzi asiziuze. Rahma na mimi tumeanza tena, na jana nimepata maoni ya kwanza kutoka kwa mzazi wa kweli. Yanasema tu "kola imekaa vizuri." Msalimie Mama Mdogo Skola, khanga yake imo kwenye mfuko huu huu. Mjomba Fabiani mwambie sijaolewa. Kristina mbusu, yeye sina ugomvi naye, alichoandika kilikuwa kweli. Vitambaa vya Mama mpe mkononi mwake wewe mwenyewe.

Na wewe, kaka, usiniandikie popote kwa sasa. Mlangoni kwangu kuna kiti cha plastiki cha wateja, cha bluu, mguu mmoja una ufa. Siku ukikikalia na mguu ule ukakuyumbisha, hapo utoe simu yako uandike unachotaka. Hata ukiweka nyota moja, nitashukuru.

Mdogo wako,
Veronika.