Gari la Baba na Jicho la Mama

Nyumbani,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu. U hali gani huko uliko? Shemeji hajambo? Na watoto je, kifua cha yule mdogo kimetulia? Sisi huku tunapumua. Nikisema tu wazima nitakuwa nakudanganya, na uongo katika nyumba hii umeshatosha.

Uliniuliza kwa nini siku hizi nakujibu kwa mkato kwenye simu. Simu ya kwetu ina watu wengi, Dada. Kaka anaishika, anaweka sauti ya juu, kila mtu anachangia, na mwisho wa yote mkosaji nakuwa mimi. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Unajua lile gari la Baba lilivyokaa nyuma ya nyumba baada ya msiba. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Kaka alikuwa analiita jeneza la bati, na hakuna aliyelitaka. Mama alipoanza kliniki ya macho tukawa tunaombaomba lifti kwa majirani kama watu wasio na kwao, mpaka siku moja nikachoka, nikafungua boneti.

Sikujua kitu. Nilijiambia tu kwamba mtu anayeifungua cherehani yote na kuirudisha ikashona hawezi kuogopa nati. Nilikosea sana. Breki za nyuma nilizifunga kinyume, zikalia kama mbuzi. Yule muuza vipuri vya mitumba wa barabarani, tunayemwita Spea, alinicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akanionyesha. Nikabadilisha plagi, mkanda wa feni, mipira ya maji, nikasugua kutu mpaka kucha zangu zikasahau rangi. Lilipowaka, Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, anacheka peke yake.

Rejeta pekee, lile tangi la maji ya kupoza injini, ndiyo iliyokuwa inavuja kidogo, na sikuwa na uwezo wa kununua nyingine. Kwa hiyo niliishi nayo. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, naongeza maji. Njiani naitazama geji ya joto. Hivyo ndivyo Mama alivyofika kliniki bila kukosa hata mara moja.

Gari lilipoanza kutembea, Kaka akakumbuka kuwa yeye ni mtoto wa kiume wa Baba. Nilimnyima ufunguo. Akakupigia wewe. Na wewe, Dada, ukiwa huko huko mbali, ukahukumu: "Mpe kaka yako gari. Wewe na cherehani yako unakwenda nalo wapi? Mwanamume ndiye atakayemzungusha Mama vizuri."

Nikampa. Nilimweleza habari ya maji neno kwa neno. Akacheka. "Gari ni gari tu," akasema. "Wewe unalilea kama mtoto mchanga."

Siku ya upasuaji unaijua. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na daktari alituonya kwamba presha ya lile la kulia imepanda, tarehe isisogezwe. Nilitaka kumsindikiza Mama. Kaka akasema hakuna nafasi, kuna wenzake atawapitia.

Ya njiani nimeyapata kwa Mama mwenyewe. Kwenye mlima wa machimbo ya mawe alisikia harufu. "Mwanangu, mbona kunanukia kama pasi imeunguza nguo?" Kaka akamjibu, "Tulia Mama, tunafika." Hawakufika. Gari lilichemsha, likazima katikati ya mlima. Kaka na wenzake wakashuka kutafuta fundi. Fundi gani, sijui, maana walikutwa kwenye banda wanatazama mpira.

Mama alibaki kwenye kiti, jua la utosi, vioo vimefungwa, hajui hata pa kuvifungulia. Muuza mkaa aliyekuwa anapita ndiye aliyefungua mlango, akanipigia kwa simu ya Mama. Nilipofika nguo ya Mama ilikuwa imelowa jasho yote. Unajua neno lake la kwanza? "Usimgombeze kaka yako. Amesema anarudi sasa hivi."

Hospitali tulifika jioni, daktari ameshaondoka. Tukapewa nafasi nyingine baada ya miezi miwili. Tarehe ilipofika, daktari alimulika tochi kwenye jicho, akaizima, akafunga faili. Nikajua.

Wewe uliambiwa gari lilikufa kwa sababu ya ufundi wangu wa kubahatisha. Siku ile ya kikao cha familia nilikusikia kwenye simu, mbele ya watu wote: "Nilijua tu." Basi sikiliza kitu ambacho hukukijua. Niliifungua ile injini. Ndani hamkuwa na tone la maji. Gasketi ilikuwa imeungua, kichwa cha injini kimepinda kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa. Nilikiweka mezani mbele ya Kaka. Akatoa simu yake, akaanza kutazama picha.

Nimelitengeneza tena. Kichwa kimechongwa, gasketi ni mpya, na safari hii nimeuza moja ya cherehani zangu mbili nikanunua rejeta. Linakwenda vizuri kuliko enzi za Baba. Wiki iliyopita Kaka alikuja kanyoosha mkono: "Limepona? Lete ufunguo, nina safari." Nikakataa. Akasema atakupigia. Nikamwambia, mpigie. Akikupigia, usinihukumu tena kutoka huko. Ukitaka kuamua mambo ya Mama, njoo umshike mkono umpeleke bafuni.

Picha za watoto zilifika, ahsante. Mama alizishika muda mrefu, nikawa namweleza nani amekaa wapi na nani amevaa nini.

Jana aliniomba nimtembeze kwa gari, bila kwenda popote. Tulivuka daraja, tukapita soko. Nilidhani nitamfurahisha, nikaanza kumtajia: ile shule wameipaka bluu, yule kinyozi ana kibao chekundu. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Usiniambie rangi," akasema. "Niambie tu tukikaribia kufika."

Nisalimie Shemeji na wanao wote, mmoja mmoja. Mama anakusalimu sana na hana kinyongo na mtu, hilo ndilo linaloniumiza. Shangazi naye anakuulizia. Kaka atakusalimu mwenyewe kwenye simu. Mungu akulinde huko, na watoto wako wakutunze uzeeni kwa zamu, si kwa maneno.

Ni mimi mdogo wako,
nakupenda bado, ingawa leo kwa kujilazimisha.